Niliyoulizwa Mukuyuni: Majina tusiyoyajua ya wachekeshaji na waimbaji wetu

Wiki jana niliahidi kuandika juu ya bei ya embe, na namna madalali wanavyotukamua sisi wanunuzi na wakulima kwa mkono mmoja. Ahadi ni deni na nitalilipa. Lakini safari iliyonipeleka kuzitafuta hizo embe ilinirudisha na jambo jingine, na wallahi nimeona hili lisingoje.

Nilikuwa Mukuyuni. Wengi wetu huku Pwani tukitajiwa Ukambani hujua Mtito Andei, kwa sababu basi husimama pale tukanyoosha miguu na kununua maji. Mukuyuni iko ndani zaidi, kaunti ya Makueni, upande wa Kaiti, si mbali na mji wa Wote. Jina halihitaji mkalimani: mukuyu wao ndio mkuyu wetu.

Lori letu lilifika alfajiri. Wachumaji hawakutokea mpaka saa nne, na kufikia adhuhuri tulikuwa na kreti thelathini badala ya mia mbili. Nikaswali kivulini mwa lori, kisha nikaenda hoteli iliyo karibu nikaagiza chai na muthokoi usio na nyama. Pembeni ya hoteli pana kibanda cha fundi wa redio, mzee wa miaka sabini na ushei, miwani imefungwa kwa uzi. Akanisikia nikiongea na utingo wetu, akaniita.

"Wewe kijana ni Mswahili wa Mombasa yenyewe, au wa Changamwe kama ndugu yangu?"

Nikamwambia, "Wa Mombasa yenyewe, mzee wangu. Mji wa Kale."

"Basi njoo hapa. Nina maswali, na nyinyi watu wa Mombasa husema mnajua kila kitu cha burudani. Ukikosa, unanilipia chapati. Nikikosa mimi, nakulipia."

Naam, na mimi nina diploma yangu, nikajiona msomi. Nikavuta kigoda.

Swali la kwanza: Mzee Ojwang' wa Vitimbi alikuwa kabila gani?

Nikacheka. Nikasema, "Mzee, hilo nalo ni swali? Mjaluo."

"Chapati moja," akasema. "Mkikuyu. Jina lake Benson Wanjau. Na Mama Kayai?"

Hapo nikanyamaza. Mama Kayai ni Mary Khavere, naye ni Mluhya. Yaani nyumba ambayo Kenya nzima iliijua kuwa ya Wajaluo, kuanzia zama za Sauti ya Kenya mpaka KBC, baba wa nyumba hakuwa Mjaluo na mama wa nyumba hakuwa Mjaluo. Wala hawakuwa mume na mke, ingawa najua watu hapa Kibokoni ambao mpaka leo wataapa kwamba walikuwa. Lafudhi ile waliijifunza kwa masikio, na wakaibeba miaka na miaka bila kuteleza. Mimi sijawahi kusikia Mjaluo akilalamika kwamba anakejeliwa. Kinyume chake, wengi walidhani ni wao.

Mzee akaongeza jambo ambalo halikuwa swali. Akasema, "Lakini wajua alivyomalizikia." Najua, na nawe huenda wakumbuka. Mtu aliyeingia kila nyumba yenye televisheni, macho yake yakafifia kwa maradhi, na ikabidi wananchi wachangishane fedha ili atibiwe. Alifariki tarehe 12 Julai 2015. Jina la Ojwang' kila mtu alilijua. La Wanjau wengi walilisikia mara ya kwanza kwenye tangazo la msiba.

Zamu yangu ikafika. Mimi nimelelewa na sinema za Kihindi. Wazee wetu walizifuata Regal, Majestic na Naaz, sisi tukazikuta kwenye kanda za video. Nikamuuliza: yule mlevi mashuhuri wa sinema za Kihindi za zamani, Johnny Walker, alipenda kunywa nini?

Akasema, "Jina lake lasema lenyewe."

Chapati moja kwangu. Johnny Walker jina lake la kuzaliwa ni Badruddin Jamaluddin Kazi, Muislamu kutoka Indore, na pombe hakuinywa. Kabla ya sinema alikuwa kondakta wa basi mjini Bombay, akiwachekesha abiria kwa maigizo yake ili njia isiwachoshe. Akapelekwa kwa Guru Dutt, akajifanya mlevi mbele yake, na akaigiza vizuri hata mwongozaji yule akampa jina la ile wiski. Likamganda mpaka alipofariki mwaka 2003. Nyimbo alizoonekana akiziimba, kama ile ya mkandaji wa vichwa katika sinema ya Pyaasa ya mwaka 1957, sauti si yake bali ya Mohammed Rafi. Basi hapo pana mambo mawili kwa mtu mmoja: ulevi si wake na sauti si yake, na bado ukimwona huwezi kuacha kucheka.

Mzee alilipenda sana hilo. Akamwita mwenye hoteli aje alisikie, nami nikalisimulia tena, mara hii kwa maigizo.

Nikamtajia pia Ismail Yassin, Mmisri yule mwenye mdomo mpana ambaye wazee wa Pwani na Unguja walimjua kwa sinema za Kiarabu. Hakumjua, kwa hiyo sikudai chapati, lakini wewe msomaji uyajue haya: alizaliwa Suez mwaka 1912, na alikwenda Cairo akitaka kuwa mwimbaji kama Mohammed Abdel Wahab. Uimbaji wa mapenzi haukumkubali, akageukia vichekesho vya kuimba. Baadaye alipata umaarufu ambao wachache wameupata, wa sinema kuitwa kwa jina lake mwenyewe: Ismail Yassin jeshini, Ismail Yassin katika jeshi la wanamaji, na kadhalika. Kisha mambo yakamgeuka, kodi ikamfilisi, akarudi kuchekesha kwenye kumbi za usiku, na akafariki Mei 1972 hana kitu.

"Hawa wote mwisho wao mmoja," akasema mzee. Nikamwambia si wote. Akasema nimwambie nani. Nikamtajia Charlie Chaplin.

Kumbe nimeligusa penyewe. Mzee aliacha redio aliyokuwa akiifungua, akaanza kunisimulia habari za gari la sinema lililokuwa likifika Mukuyuni utotoni mwake. Lilikuja jioni, likafunga kitambaa cheupe, na kabla ya yote likatangaza sabuni na dawa ya kichwa. Kisha ikaja picha ya Chaplin. Watoto wengine wa pale hawakujua Kiswahili vizuri, Kizungu ndio kabisa, na haikudhuru kitu kwa sababu Chaplin hakusema neno. Kuna aliyepanda juu ya mti ili aone vizuri akaanguka kwa kicheko akavunjika mkono, na mzee akanionyesha mkono wenyewe. Ulikuwa wake.

Basi nikamuuliza: Chaplin alizikwa mara ngapi?

Akanitazama kama mtu aliyetukanwa.

Mara mbili. Alifariki siku ya Krismasi mwaka 1977 huko Uswisi, akazikwa katika kijiji cha Corsier. Machi 1978 watu wawili, mafundi wa magari, mmoja wa Poland na mwingine wa Bulgaria, wakafukua kaburi usiku wakaondoka na jeneza. Wakapiga simu kudai fedha. Mjane wake akakataa kulipa. Polisi wakavizia vibanda vya simu hadi wakawakamata mwezi wa Mei, na jeneza likapatikana limefukiwa katika shamba la mahindi. Alipozikwa mara ya pili, kaburi lilimiminwa zege.

"Shamba la mahindi!" Mzee alipiga goti. "Sasa huyo mwenye shamba alipalilia bila kujua!" Na hilo ndilo lililomchekesha kuliko sinema yenyewe.

Kuna la pili la Chaplin ambalo wengi hawalijui, nalo ni kwamba alikuwa mtunzi wa muziki. Kusoma nota hakujua vizuri. Aliwaimbia mafundi wakaandika. Ule muziki laini wa sinema ya Modern Times ya mwaka 1936 aliutunga yeye, na ulipotiwa maneno mwaka 1954 ukawa wimbo uitwao Smile, ambao umeimbwa na watu wasio na idadi. Tuzo ya Oscar aliyoipata kwa kushindania haikuwa ya uchekeshaji. Ilikuwa ya muziki, mwaka 1973, kwa sinema ya Limelight aliyoitengeneza mwaka 1952, kwa kuwa haikuwa imeonyeshwa Los Angeles mpaka miaka ishirini baadaye.

Kwa upande wa kwetu Afrika Mashariki tuna mchezaji filamu ambaye mwisho wake ulikuwa mwema kabisa, na hapa nilijishindia chapati bila jasho. Nani alianza kwenye sinema akaishia kuwa Waziri Mkuu? Mzee alidhani nasema Ronald Reagan, nikamwambia huyo ni rais, na wa kwao. Wa kwetu ni Rashidi Mfaume Kawawa. Kabla hajawa Simba wa Vita, kijana Kawawa alikuwa mfanyakazi wa maendeleo ya jamii, na katika sinema iitwayo Muhogo Mchungu, iliyotengenezwa Tanganyika mwaka 1952, yeye ndiye aliyeigiza yule mtu wa shamba anayeingia Dar es Salaam. Mwaka 1962, Nyerere alipojiuzulu uwaziri mkuu, aliyeshika nafasi ni yule yule wa kwenye picha. Nimeshawahi kubishana juu ya hili na Mtanzania halisi, tena mwalimu, akanitaka nionyeshe ushahidi.

Majuto wa Tanga je? Vijana wetu wanamjua King Majuto tu. Jina lake ni Amri Athumani, kazaliwa mwaka 1948, kafariki tarehe 8 Agosti 2018, Allah amrehemu. Na Pwagu na Pwaguzi wa Redio Tanzania ambao wazee huwataja, majina yao ya redioni ni ya methali, pwagu hupata pwaguzi, mjanja kampata mjanja mwenzake.

Tulipofika kwenye muziki, mzee alifungua mlango wa nyuma wa kibanda. Ndani kulikuwa na kabati la mbao, na kabatini santuri. Si kumi, si ishirini. Nyingine zina maganda, nyingine zimefungwa kwa gazeti. Alikuwa akizinunua tangu ujana wake, nyingine kaletewa na ndugu yake wa Changamwe kila alipokuja likizo.

Akaanza na wake, na hiyo ni haki yake: Kakai Kilonzo na Les Kilimambogo Brothers. Swali lake lilikuwa, kwa nini Mkamba aite bendi yake kwa neno la Kifaransa? Nikajaribu, nikakosa. Jibu lake ni kwamba wakati ule bendi za Kongo ndizo zilizotamba, na zote zilijiita Les hivi na Les vile. "Les" ikawa kama kofia, usipoivaa huonekani. Na Kilimambogo ni mlima, ule ambao ramani huuita Ol Donyo Sabuk. Basi hebu tazama: neno la Kifaransa, la Kiswahili na la Kiingereza katika jina la bendi ya Wakamba. Kakai aliimba Kikamba lakini akaimba sana Kiswahili, na ndiyo sababu hata sisi huku tulicheza nyimbo zake kwenye harusi bila kujua ni za nani. Alifariki mwaka 1987, hajafika hata miaka thelathini na mitano.

Kisha zikaja za kwetu. Fundi Konde, mtoto wa Mwabayanyundo, kazaliwa mwaka 1924. Watu humkumbuka kwa gitaa na kwa nyimbo kama Tausi Ndege Wangu na Ajali Haikingiki. Wachache wanajua kwamba wakati wa vita vya pili vya dunia alichukuliwa jeshini na kazi yake ikawa kuwaburudisha askari wa Kiafrika, akafika mpaka India, Burma na Ceylon. Wengine walirudi na medali, yeye akarudi na mitindo ya muziki. Nyimbo zake za miaka ya 1947 hadi 1956 zilikusanywa na kutolewa upya huko Uingereza mwaka 1994, naye yu hai, akafariki mwaka 2000.

Daudi Kabaka, mwenye Helule Helule. Hii nilimshinda nayo mzee. Mwaka 1968 wimbo huo uliimbwa na bendi ya Kiingereza iitwayo The Tremeloes ukaingia kwenye orodha ya nyimbo zinazouzwa sana Uingereza. Na hao Tremeloes ni akina nani? Ndio bendi ambayo kampuni ya Decca iliichagua mwaka 1962 ikawakataa The Beatles. Kwa hiyo waliowapiku Beatles kwenye usaili walikuja baadaye kuimba wimbo wa mtu wetu. Kabaka huyo huyo ndiye wa Harambee Harambee, uliokuwa ukipigwa redioni kabla ya taarifa ya habari mpaka ukawa kama saa ya ukutani.

Jambo Bwana hatukuulizana, kila mtu anaijua ni ya Them Mushrooms, ndugu wa Harrison wa Kaloleni, na mtunzi ni Teddy Kalanda. Boney M waliirudia mwaka 1983, na ile hakuna matata ikazunguka dunia zaidi ya miaka kumi kabla simba wa katuni hawajaizaliwa. Mzee alitaka kujua kama sisi nyumbani husema hakuna matata. Nikamwambia tukiwa na mgeni, ndiyo.

Malaika ndiyo iliyotugombanisha. Mzee alisema ni ya Fadhili William, basi. Mimi nikasema Fadhili, mzaliwa wa Taita Taveta, ndiye aliyeirekodi na jina lake ndilo lililoandikwa, lakini kuna Mtanzania, Adam Salim, aliyedai kuitunga tangu miaka ya 1940 kwa ajili ya msichana aliyempenda wazazi wakamkatalia. Na kuna wa Mombasa, Lucas Tututu, anayetajwa pia. Miriam Makeba akaimba, Harry Belafonte akaimba naye mwaka 1965, Boney M wakaimba mwaka 1981. Duniani huenda hakuna wimbo wa Kiswahili unaojulikana kuushinda. Mzee akasema, "Sahani inasema Fadhili." Nikasema sahani husema aliyekwenda studio. Akasema, "Basi angekwenda huyo mwingine." Hatukupatana, na chapati ile tuligawana nusu kwa nusu.

Kabla sijafika nilikotaka kufika, niwakumbushe mmoja. Siti binti Saad wa Fumba, Unguja, alizaliwa akaitwa Mtumwa. Siti ni jina alilopewa alipokwisha kuwa mtu. Mwaka 1928 alipanda meli na wapigaji wake kwenda Bombay kurekodi, na santuri zake zikauzwa pwani yote, mwanamke wa kwanza wa kwetu kusikika hivyo. Tunamjua vizuri kwa sababu Shaaban Robert alikaa chini akaandika wasifu wake. Lakini wapigaji wake, akina Subeit, Budda na Mbaruku, ni wangapi kati yetu wanaweza kuwataja? Au chukua Mombasa yetu: Juma Bhalo sote tunamjua, sauti ile juu ya tuni za sinema za Kihindi. Mashairi mengi aliyoyaimba ni ya jamaa yake, Ahmad Nassir, yule wa Malenga wa Mvita. Wangapi waliokuwa wakitunza pesa ukumbini walijua maneno yale ni ya nani?

Sasa swali la mwisho la mzee. Aliweka santuri ndogo, sindano ikakwaruza, ikaanza taarabu ya kwetu. Akaniuliza, "Hicho kinanda kinacholia kama senyenge, kinaitwaje, na kimetoka nchi gani?"

Nikasema, "Ni taishokoto, na kimetoka India."

"Taishokoto ni sawa. India, chapati."

Na ana haki. Taishokoto ni chombo cha Kijapani. Kilibuniwa mjini Nagoya mwaka 1912 na Morita Goro, ambaye aliviona vinanda vya kuchapia vya Ulaya akafikiri, mbona nyuzi zisibonyezwe kwa vifungo kama vile? Taisho ni jina la zama za mfalme wa Japani aliyerithi kiti cha enzi mwaka huo, koto ni kinanda chao cha kale. Kikasafirishwa India, kutoka India kikavuka bahari mpaka kwetu, na hapa Mombasa kikawa ndio roho ya taarabu ya harusi. Zuhura Swaleh na wenzake usingewawaza bila hicho. Mzee alilijua hilo kwa sababu aliwahi kuletewa kimoja akitengeneze na akaona maandishi yake.

Lakini mimi nilikuwa nimeshaacha kumsikiliza. Katikati ya ile nyimbo mwimbaji, kama ilivyokuwa desturi, alimsifu mpigaji wake. Alimwita "Kidole".

Mjomba wangu, kaka wa mama, alikuwa akiitwa Kidole. Kila mtu mtaani alijua kwamba zamani alipiga taishokoto kwenye harusi. Kisha akahiji, akaacha, akagawa kila alichokuwa nacho, na nyumbani kwetu halikubaki hata ganda la santuri. Nilimjua kwa kuadhini na kwa kutengeneza viatu. Habari za studio alinisimulia mara moja tu: kwamba walirekodi siku nzima kwa mtu mmoja mwenye duka, wakapewa nauli na pilau, na alipoiona sahani dukani iliandikwa mwimbaji na nambari, basi. Hakusimulia kwa uchungu. Alifariki nikiwa na miaka kumi na tisa, na sikuwahi kumsikia akipiga.

Nikamwomba mzee airudishe. Akairudisha. Nikampigia mama simu, nikaweka simu karibu na spika bila kumwambia kitu. Nilisita kidogo kabla, nakiri, maana mjomba aliacha kwa nia yake, na sijui kama angependa. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Ndiye. Hakujaliwa subira huyo, alikuwa hamngoji mwimbaji amalize." Akaniuliza niko wapi. Nikamwambia Ukambani. Akasema, "Kafikaje huko?"

Nilitaka kuinunua. Mzee alikataa, tena kwa adabu. Alisema ndugu yake aliyemletea naye ameshakufa, na hiyo ndiyo aliyomletea mara ya mwisho. Sikuweza kubishana na hilo. Badala yake alisafisha kile kikaratasi cha katikati kwa kitambaa, akatoa kalamu ya biro, akaniuliza, "Jina lake?"

Nikamtajia jina lake, la babake na la babuye. Aliyaandika polepole kuzunguka lile tundu, kwa herufi ndogo, yakatosha.

Kreti zilifika mia na sitini. Nilidaiwa chapati nne baada ya kutoana, nikalipa sita. Mzee anatafuta majina ya wapigaji wa santuri nyingine kumi na mbili za Mombasa na Malindi alizonazo, zote za miaka ya sabini, zote zimeandikwa mwimbaji na nambari tu. Nimezipiga picha, na picha ziko hapa ofisini kwetu. Kama babako, ami yako au jirani yako alipiga fidla, dumbak au taishokoto miaka hiyo, pita utazame, au mlete mwenyewe kama yu hai na miguu inamruhusu. Embe, inshallah, wiki ijayo.